Anwani moja kwa mashine moja: jinsi kompyuta ya ofisi ya kijijini inavyoweza kufikiwa kwa simu

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho, chenye ofisi ya vyumba viwili na ghala nyuma yake. Ofisini kuna kompyuta inayotunza hesabu: nani ameleta kilo ngapi, za daraja lipi, amelipwa kiasi gani na anadai nini. Karani akiwapo, mkulima anaonyeshwa hesabu yake. Karani akienda mjini, mkulima aliyetembea saa mbili anarudi nyumbani na maswali yale yale aliyokuja nayo. Siku moja mkutano wa wanachama unauliza jambo la haki kabisa: ikiwa kila mmoja wetu ana simu mfukoni, kwa nini asiisome hesabu yake mwenyewe popote alipo?

Fundi anakuna kichwa. Kompyuta ile ina intaneti, maana karani hutuma barua pepe kila siku. Lakini kutoka nje hakuna anayeweza kuifikia. Inapiga hodi kwa wengine, ila yenyewe haina mlango wa kupigiwa hodi.

Makala hii inaeleza kwa nini iko hivyo, na inaonyesha njia mojawapo ya kulitatua jambo hilo kwa kutumia kompyuta ya kawaida yenye mfumo wa Linux iliyowekwa kuwa lango kati ya ofisi na intaneti. Nusu ya kwanza ni ya kila msikilizaji mwenye simu. Nusu ya pili ina amri za kuandika, na inamhusu fundi, au kijana wa kijijini anayetaka kuwa fundi. Hata hivyo mjumbe wa bodi naye asiiruke, kwa sababu humo ndimo yalimo maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kumlipa.

Sanduku la posta la shule

Waliosoma shule za bweni wanakumbuka. Shule nzima ilikuwa na sanduku moja la posta. Barua zote ziliandikwa S.L.P. ile ile, zikafika kwa pamoja, halafu mtu wa ofisini akazigawa kwa majina. Wanafunzi mia sita, sanduku moja.

Intaneti ya ofisi, na ya nyumba nyingi, inafanya kazi karibu hivyo. Kila kifaa cha ndani kina anwani yake ya IP, mfano 192.168.10.20, lakini anwani hiyo inajulikana humo ndani tu, kama namba ya kitanda bwenini. Nje kuna anwani moja ya umma, ambayo ndiyo sanduku la posta. Katikati amekaa karani, ambaye ni ruta au kompyuta ya lango. Kifaa cha ndani kikituma pakiti ya data kwenda nje, karani anafuta anwani ya mtumaji, anaandika ya sanduku, kisha anaweka kumbukumbu kwenye daftari kwamba pakiti hii imetoka kitanda namba fulani na imekwenda mahali fulani. Jibu likirudi anafungua daftari, anaona lilikoanzia, anabadilisha anwani tena na kulipeleka ndani. Kazi hiyo inaitwa tafsiri ya anwani za mtandao, na mafundi huifupisha NAT.

Sasa fikiria pakiti inayokuja kutoka nje bila kuwa jibu la chochote. Mkulima yuko shambani, amefungua simu, anataka kuiona kompyuta ya chama. Pakiti yake inafika kwenye sanduku la posta, karani anafungua daftari, na hakuna mstari unaoihusu. Hajui ampe nani. Anaitupa. Hilo ndilo lililomkunisha fundi kichwa.

Haikupangwa hivi tangu mwanzo. Mfumo wa anwani unaotumika zaidi, toleo la nne la IP, una anwani kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na nyingine zimetengwa kwa kazi maalumu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliona hazitatosha. Maelezo ya NAT yalichapishwa Mei 1994 yakiwa dawa ya muda, na Februari 1996 yakatengwa rasmi mafungu matatu ya anwani za ndani ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia kwake bila kuomba ruhusa: zinazoanza na 10, zinazoanza na 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Dawa ya muda imedumu miaka thelathini. Hazina kuu ya dunia ya anwani za toleo la nne iliisha Februari 2011. Kwa Afrika, shirika la AFRINIC lenye makao Mauritius, ambalo ndilo linalozigawa, lilianza Januari 2020 kutoa kwa kipimo cha mwisho: ombi moja lisizidi anwani 1,024. Kwa hiyo anwani ya umma ni mali adimu, na mtoa huduma anayekuuzia chache hakuonei akikutoza ada.

Simu yako iko nyuma ya karani zaidi

Jaribu mwenyewe. Zima Wi-Fi, washa data ya laini, kisha fungua mipangilio ya simu na utafute palipoandikwa anwani ya IP, mara nyingi ni ndani ya sehemu inayoitwa Kuhusu simu. Huenda ukaona namba inayoanza na 10, au inayoanza na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa kampuni za mawasiliano zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukifungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako, utaona nyingine kabisa. Hiyo ya pili ndiyo sanduku la posta, nawe unalitumia pamoja na watu usiowajua.

Ukiona badala yake namba ndefu yenye herufi na alama za nukta mbili, hilo ni toleo la sita, lenye anwani za kumtosha kila mtu bila karani wa kubadilisha chochote. Linaenea, lakini si kila laini na kila kijiji kinalo, na chama hakiwezi kuwaambia nusu ya wanachama wake kwamba simu zao hazifai.

Kuna jambo hapa linalookoa fedha. Ruta ndogo inayotumia laini ya simu haiwezi kufanya kazi tunayoieleza chini ikiwa kampuni imeipa anwani ya aina hiyo ya 10 au 100.64, hata ungeiwekea amri zote za dunia. Karani wako atakuwa tayari, ila nyuma yake yuko karani mwingine, wa kampuni, usiyeweza kumpa maagizo. Kabla hujanunua kompyuta ya lango, muulize mtoa huduma maswali mawili: mnaweza kutupa anwani za umma zisizobadilika, na mtatupa ngapi?

Poti moja, au anwani nzima?

Mtoa huduma akikupa anwani moja tu ya umma, bado kuna la kufanya. Karani anaweza kuagizwa kwamba chochote kinachokuja kwenye poti namba 443 ya sanduku letu akipeleke kwenye kompyuta ya hesabu. Poti ni kama dirisha moja katika ofisi yenye madirisha 65,535, na kila huduma ina dirisha lake. Kwa tovuti ndogo ya kusoma hesabu, njia hiyo inatosha, na fundi anayekushawishi ununue zaidi ya hapo aeleze kwa nini.

Sababu ya kweli huja pale seva inapohitaji kutambulika inapotoka, si inapofikiwa tu. Chama chetu kinataka kulipa wakulima kwa simu. Ni kawaida kwa kampuni zinazotoa huduma za malipo kukubali maombi kutoka kwenye anwani iliyosajiliwa kwao na kuyakataa mengine yote. Seva ya hesabu ikitoka kwa anwani inayotumiwa na ofisi nzima, basi kompyuta ya karani, simu ya mlinzi na kompyuta ndogo ya mgeni aliyeomba Wi-Fi zote zinaonekana kwa kampuni ya malipo kuwa ni chama. Kirusi kimoja kwenye simu ya mgeni kinaweza kuichafulia sifa anwani ambayo fedha za msimu mzima zinapitia.

Hapo ndipo panapofaa tafsiri ya moja kwa moja. Kwa sisi watu wa redio maneno hayo yana maana nyingine, ya matangazo ya moja kwa moja. Humu maana yake ni anwani moja ya nje kwa anwani moja ya ndani. Mwanafunzi mmoja anapewa sanduku lake mwenyewe la posta. Bado analala bweni lile lile, bado barua zinapita kwa karani yule yule, lakini kila barua inayokuja kwenye sanduku hilo ni yake bila kuuliza daftari, na kila barua anayoandika inabeba namba ya sanduku hilo. Safari zote mbili, kuja na kwenda. Shikilia hilo la safari mbili, kwa sababu makosa mengi yanatokana na kuweka moja na kusahau nyingine.

Mpangilio wa mfano

Lango letu ni kompyuta yenye kadi mbili za mtandao. Kadi ya nje, eth0, imeunganishwa na kifaa cha mtoa huduma. Kadi ya ndani, eth1, imeunganishwa na ofisi. Kwenye kompyuta yako majina yanaweza kuwa tofauti, kama enp1s0. Amri ya ip addr itakuonyesha.

Mtoa huduma ametupa fungu linaloandikwa 203.0.113.0/29. Fungu la ukubwa huo lina anwani nane, ya kwanza na ya mwisho hazitumiki, zinabaki sita. Namba 203.0.113.1 ni ya kifaa cha mtoa huduma, 203.0.113.2 ni ya lango letu na ndiyo sanduku la watu wote, na 203.0.113.3 tunampa seva ya hesabu. Tatu zinabaki akiba. Usizinakili namba hizi kama zilivyo: zimetengwa kwa ajili ya kufundishia, hazipo popote kwenye intaneti.

Ndani, mtandao ni 192.168.10.0/24, lango ni 192.168.10.1 na seva ni 192.168.10.20. Anwani ya seva iandikwe kwa mkono kwenye seva yenyewe, isiwe ya kugawiwa kila inapowashwa, na njia yake ya kutokea iwe lango hilo tu. Mtu akichomeka modemu ya laini kwenye seva siku intaneti ya ofisi iko chini, kisha akaisahau hapo, majibu yataanza kutokea kwenye modemu huku maombi yakiingilia langoni, na mkulima aliyeomba hesabu yake hataona kitu. Hitilafu hiyo inaweza kumla fundi siku nzima kabla hajainama kutazama nyuma ya mashine.

Funga kwanza, fungua baadaye

Watu huanza na tafsiri, wakiona inafanya kazi wanafurahi, ulinzi wanauahirisha hadi kesho. Tunashauri kinyume chake. Ukishampa seva anwani nzima, umemfungulia madirisha yote 65,535 kwa pamoja. Dirisha la 22, ambalo mafundi hulitumia kuingia kwa mbali. Dirisha la 3306, ambako hifadhidata ya MySQL husikiliza, yaani lilipo daftari lenyewe la wakulima. Ziko programu zinazozunguka intaneti mchana na usiku zikigonga kila anwani na kujaribu manenosiri ya kubahatisha. Hazijui kama wewe ni benki au chama cha msingi, na hazijali. Anayeingia anaweza kusoma majina na namba za simu za wanachama, na anaweza kubadilisha kilo.

Kwa hiyo fayawoli ya lango inatangulia. Tutatumia amri ya iptables, iliyokuja na Linux 2.4 mwaka 2001 na ambayo mafundi wengi wanaijua. Kwenye mifumo mipya kama Debian, chini yake hufanya kazi nftables, lakini amri zinaandikwa vilevile. Kwenye skrini ya simu mstari mrefu utakatika. Jua kwamba kila amri inaanzia pale panapoanza jina la programu na haina kituo mwishoni.

iptables -A FORWARD -m conntrack --ctstate ESTABLISHED,RELATED -j ACCEPT

iptables -A FORWARD -i eth1 -o eth0 -j ACCEPT

iptables -A FORWARD -i eth0 -d 192.168.10.20 -p tcp -m multiport --dports 80,443 -j ACCEPT

iptables -P FORWARD DROP

Ya kwanza inaruhusu mazungumzo yaliyokwisha kuanza yaendelee. Ya pili inaruhusu walio ndani kutoka. Ya tatu ndiyo mlango wa wakulima: kutoka nje kwenda kwenye seva, poti 80 na 443 za tovuti, basi. Ya nne inasema kisichoruhusiwa na hizo tatu kinatupwa.

Angalia amri ya tatu. Imetaja anwani ya ndani, 192.168.10.20, si ile ya umma. Wengi huandika ya umma kwa kuwa ndiyo mkulima anayoiandikia, halafu wanashangaa hakuna kinachopita. Linux hubadilisha anwani ya mpokeaji kabla pakiti haijafika kwa mlinzi huyu. Anapoiona, tayari imeandikwa anwani ya ndani.

Lango lenyewe nalo lina madirisha yake, na sheria zake ziko kwenye orodha ya INPUT. Ruhusu mazungumzo yaliyokwisha kuanza, ruhusu kadi ya ndani na ile ya mashine kuzungumza na nafsi yake inayoitwa lo, kisha uzuie mengine. Zuio liandikwe mwisho. Fundi aliyekaa mjini akianza na zuio atakuwa amejifungia nje, na nauli ya kuja kijijini kulifungua atailipa nani?

Amri za safari mbili

Kwanza Linux ikubali kuwa lango, maana kwa kawaida hukataa kupitisha pakiti zisizo zake:

sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1

Kisha lango likubali kuitikia jina la pili. Kifaa cha mtoa huduma kikiuliza nani mwenye 203.0.113.3, lazima kuna anayejibu:

ip addr add 203.0.113.3/32 dev eth0

Hatua hii haihitajiki ikiwa mtoa huduma ameelekeza fungu zima lipitie anwani ya lango lako badala ya kuuliza moja moja. Muulize ni ipi kati ya hizo mbili.

Sasa safari ya kuja:

iptables -t nat -A PREROUTING -d 203.0.113.3 -j DNAT --to-destination 192.168.10.20

Safari ya kwenda:

iptables -t nat -A POSTROUTING -s 192.168.10.20 -o eth0 -j SNAT --to-source 203.0.113.3

Na wengine wote wa ofisini waendelee na sanduku la pamoja:

iptables -t nat -A POSTROUTING -s 192.168.10.0/24 -o eth0 -j SNAT --to-source 203.0.113.2

Mpangilio wa hizi mbili za mwisho si wa kubadilisha. Linux husoma kutoka juu kwenda chini na hushika sheria ya kwanza inayolingana. Seva ni mmoja wa watu wa ofisini. Sheria ya wote ikitangulia, seva itatoka kwa 203.0.113.2. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani haraka. Wakulima wanaisoma tovuti vizuri, kwa kuwa majibu ya maombi yao yanafuata daftari, hayapiti upya kwenye sheria. Kinachokataliwa ni malipo, kwa sababu hapo seva ndiyo inayoanza kuzungumza, na kampuni inaona anwani isiyoijua. Bodi itamlaumu karani, karani ataulaumu mtandao. Kama lango lako tayari lina sheria ya wote, weka ya seva juu yake kwa kuandika -I POSTROUTING 1 mahali pa -A POSTROUTING.

Ofisi yenye seva nyingi inaweza kutafsiri fungu zima kwa sheria ya NETMAP, kila anwani ya nje ikipata mwenzake wa ndani kwa mpangilio. Kwa chama chenye seva moja, mistari hii inatosha.

Kupima, tena kwa simu

Kifaa bora cha kupimia ni simu yenye data ya laini, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Hiyo ndiyo hali ya mkulima. Fungua anwani ya umma ya seva kwenye kivinjari. Kisha kaa kwenye seva, andika curl ifconfig.me na usome kinachorudi. Ikirudi 203.0.113.3, safari ya kwenda iko sawa. Ikirudi 203.0.113.2, rudi kwenye mpangilio wa sheria.

Isipofunguka kwenye simu, usianze kubadilisha amri kwa kubahatisha. Kwenye lango andika tcpdump -ni eth0 host 203.0.113.3, kisha mtu ajaribu tena kwa simu. Skrini ikibaki tupu, pakiti hazifiki kwako, na tatizo liko upande wa mtoa huduma au anwani hiyo ilikuwa na mwenyewe mwingine na kifaa chake bado kinamkumbuka. Amri ya arping -U -I eth0 -c 3 203.0.113.3 hutangaza mwenye mpya. Pakiti zikionekana zinafika eth0, badilisha eth0 kuwa eth1 na namba iwe ya ndani, uone kama zinavuka. Zikivuka bila jibu kurudi, katazame nyuma ya seva kama kuna modemu.

Jambo jingine linaloweza kumfanya mtu aone sheria zake hazifanyi kazi: daftari la karani. Sheria za NAT huulizwa mara moja tu, pakiti ya kwanza ya mazungumzo inapopita. Zinazofuata zinaendelea na kilichoandikwa. Mazungumzo ya TCP yaliyo wazi hukaa daftarini hadi siku tano bila kusema neno kabla ya kufutwa, kwa hiyo unaweza kubadilisha sheria leo na seva ikaendelea na tabia ya jana. Amri ya conntrack -F hufuta daftari lote. Ifanye baada ya saa za kazi, kwa kuwa inaweza kuwakata watu waliokuwa katikati ya jambo.

Inafunguka shambani, haifunguki ofisini

Usishangae karani akilalamika kwamba yeye, aliyekaa mita tatu kutoka kwenye seva, ndiye asiyeweza kuifungua kwa anwani ya umma. Pakiti yake inakwenda langoni, inageuzwa, ila sheria zetu za FORWARD haziiruhusu irudi ndani. Hata ikiruhusiwa ikafika kwa seva, bado kuna tatizo. Seva inaona mtumaji ni jirani, 192.168.10.35, inamjibu uso kwa uso bila kupita kwa lango. Kompyuta ya karani ilikuwa inangoja jibu kutoka 203.0.113.3. Inaona jibu la mtu mwingine, inalikataa.

Dawa nzuri ni jina. Tovuti ya chama iwe na jina lake, na seva ya majina ya ndani ya ofisi ilielekeze jina hilo kwenye 192.168.10.20, huku dunia ikilielekezwa 203.0.113.3. Dawa ya pili ni kulazimisha pakiti za majirani zirudi kupitia lango:

iptables -A FORWARD -i eth1 -o eth1 -d 192.168.10.20 -j ACCEPT

iptables -t nat -A POSTROUTING -s 192.168.10.0/24 -d 192.168.10.20 -o eth1 -j MASQUERADE

Inafanya kazi, ila ina gharama yake. Kwenye kumbukumbu za seva, kila aliyeingia kwa njia hiyo akiwa ofisini ataonekana kuwa 192.168.10.1. Siku kilo za mtu zitakapobadilishwa na ukataka kujua ni kutoka kompyuta ipi, kumbukumbu hazitakuambia. Kwa hesabu za fedha, sisi tungechagua dawa ya jina.

Umeme ukikatika

Yote tuliyoyaandika hadi hapa yanakaa kwenye kumbukumbu ya muda ya lango. Umeme ukikatika usiku, asubuhi lango linawaka likiwa limesahau kila kitu: halipitishi, halitafsiri, na fayawoli haipo. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi kinachoitwa iptables-persistent hurudisha sheria kila lango linapowashwa, baada ya wewe kuzihifadhi:

iptables-save > /etc/iptables/rules.v4

Mstari wa ip_forward uandikwe kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, na anwani ya pili ya eth0 iandikwe kwenye mipangilio ya kudumu ya mtandao, si kwa amri ya mkononi. Ukimaliza, jaribio ni moja tu: chomoa lango ukutani, hesabu hadi kumi, rudisha, usiguse kitu, kisha ufungue tovuti kwa simu. Fundi akikataa kufanya jaribio hili mbele ya bodi, malipo yake yasubiri.

Kwa anayefanya kazi akiwa mbali, uko ujanja wa zamani unaofaa bado. Kabla ya kugusa sheria, andika shutdown -r +10, yaani lango lijiwashe upya baada ya dakika kumi. Ukijifungia nje, ngoja. Litawaka na sheria zile za zamani ulizozihifadhi. Mambo yakienda vizuri, andika shutdown -c kabla ya dakika kumi kwisha, kisha uhifadhi sheria mpya.

Na karatasi. Andika kwa kalamu anwani tano za mfano wetu kama zilivyo kwako, kadi ipi ni ya nje na ipi ni ya ndani, jina la kampuni uliyoisajilia anwani ya malipo, na tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Ibandike ndani ya kabati la lango, si ukutani ambako kila mgeni ataisoma. Manenosiri yasiwemo.